Kisu cha marehemu: uchambuzi wa kisa kimoja cha Ng'ambo

Mzee alikatwa kwa kisu kwenye mkono wa kushoto Alhamisi moja ya mwanzo wa Aprili 2021, chini ya wiki moja kabla ya kuingia Ramadhani. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza. Alikuwa na umri wa miaka 72, anakwenda msikitini kusali Alfajiri, na njia yake hupita kwenye uchochoro mmoja wa Ng'ambo, mjini Unguja, ulio nyuma ya majumba ya Michenzani. Taa ya pale ilikuwa imekufa siku nyingi. Vijana wawili walimsimamisha. Mmoja alibaki kwenye mdomo wa uchochoro akiangalia watu, mwengine akamsogelea na kisu, akamwambia: "Babu, nipe simu. Babu, usinitie tabuni."

Mzee hakutoa simu. Alikamata kisu kwa kiganja, upande wa makali.

Kijana akavuta kisu, simu ikaanguka, wakaiokota na kukimbia. Yote hayo, kwa hesabu yake mwenyewe, hayakuzidi muda wa kusoma Alhamdu.

Mimi ni msaidizi wa sheria katika shehia hiyo, yaani eneo linalosimamiwa na sheha. Kisa hiki nilikifuata tangu wiki ya mwanzo hadi kilipoondolewa mahkamani, na nimekaa na wahusika wote isipokuwa yule kijana wa pili. Nimewasomea niliyoandika. Majina sikuyatia, na mambo madogo ambayo yangeweza kuwatambulisha nimeyabadilisha. Nimeamua kukiandika kwa sababu kila nikikisimulia barazani watu hukimaliza kwa neno moja, "vijana wa siku hizi", na mimi naona neno hilo linafunga mlango kabla mtu hajaingia ndani.

Nianze na mkono, maana huo ndio uliolipa.

Jirani aliyesikia kelele alitoka na kopo la kahawa akammwagia unga wake kwenye jeraha. Alifanya kwa nia njema, na bibi yangu angefanya hivyo hivyo. Lakini unga ule ulibidi uje uoshwe punje kwa punje na mzee akilia. Damu nayo haikukatika kwa sababu alikuwa akimeza aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, na dawa ile huifanya damu ichelewe kuganda. Ngozi ya mtu wa miaka sabini ni nyembamba. Makali ambayo mkono wa kijana ungeyapokea juu juu, kwake yalifika mpaka kwenye kano. Kwa atakayekutwa na jambo kama hili: kitambaa safi, kandamiza kwa nguvu bila ya kufungua fungua kutazama, mkono uinuliwe juu, na safari iwe moja tu, ya hospitali. Kahawa, tumbaku na mafuta ya taa viacheni jikoni.

Hospitali aliyopelekwa siitaji. Kabla jua halijachomoza alikuwa pale na kanga tatu zilizoloa damu. Wakamwambia alete kwanza PF3, fomu ya polisi. Mwanawe akakimbilia kituoni. Mwenye muhuri hakuwapo mpaka saa mbili asubuhi. Mzee alikaa kwenye benchi saa mbili na nusu. Fomu ile ni ya ushahidi, ili mahkama ije ijue jeraha lilikuwaje siku ile, na inaweza kujazwa wakati mgonjwa ameshafungwa. Nimeshawaambia hayo watu wengi, na nitaendelea kuwaambia. Ngozi ilishonwa siku ile ile, ila kano za vidole vitatu zilipangiwa upasuaji baada ya wiki tatu. Kano iliyokatwa hujivuta ndani ya mkono kama mpira ulioachiwa, na kila siku inayopita inakuwa kazi zaidi kuirudisha mahala pake. Leo kidole cha kati, cha pete na cha mwisho havikunji. Mtu aliyekata samaki kwenye soko la Darajani miaka 38 hawezi kushika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Nilipomchukua maelezo, aliniambia alishindana na kijana kwa sababu hakutaka kuachia simu. Simu yenyewe alikuwa ameletewa na binti yake anayefanya kazi Maskati. Wanawe wa kiume waliyapokea maelezo hayo kwa fahari iliyochanganyika na hasira. Baba yao, walisema, tangu ujana hakuwahi kumkimbia mtu.

Kulikuwa na neno moja lililonikaa vibaya. Polisi walipomuuliza kisu kilikuwa cha namna gani, alijibu: "Kisu cha kawaida." Na mimi nikaliandika hivyo hivyo. Usiku nikalifikiria. Mtu huyu nimemjua tangu nikiwa mtoto wa kutumwa sokoni. Ukimpelekea kisu alikuwa anakigonga kwa ukucha na kukuambia kama chuma chake ni cha springi ya gari au cha dukani. Kwake yeye hakuna kisu cha kawaida. Anakijua kwa ubapa, kwa ncha, kwa msuka unavyokaa ndani ya mpini.

Jibu lilikuja na Bibi, mjane wa mtaa wa pili, usiku wa tatu wa Ramadhani. Alikuwa anataka kukata samaki wa daku. Kisu cha marehemu mumewe, ambacho hakuna mwengine aliyekuwa akikigusa, alikikuta mahala pake lakini kimeoshwa. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na tabia ya kuosha kitu asichotumwa. Mpini wake umezungushwa uzi wa nyavu ili usiteleze kwa utelezi wa samaki, na uzi hunywa. Ubapa ulikuwa unang'aa, ila uzi ulikuwa na wekundu mkavu ndani ya mizunguko. Bibi alimtazama mjukuu wake wa miaka 17 aliyekuwa amelala. Hakumwamsha. Alikaa na kile kisu mpaka adhana, kisha akamwambia: "Vaa, twende."

Alikwenda nyumbani kwa mzee, kisu kimefungwa ndani ya kanga, mjukuu nyuma yake. Akakifungua sakafuni na kuuliza: "Ni hiki?" Mzee alitazama ukutani, akasema: "Kifiche hicho, mama." Hakusema ndiyo wala siyo. Bibi akatoka pale, akaja kwangu.

Sasa ndipo mzee aliponieleza. Alikuwa amekitambua kisu kabla hajamtambua mtu. Hata kwenye giza la uchochoro, mwanga wa simu yake mwenyewe ulipopita juu ya ubapa, aliona ulivyoliwa na kinoo, mwembamba katikati na mpana kwenye shina, na akaona uzi ule. Darajani nzima waliokuwa wakizungusha uzi namna ile, kwa fundo lile, walikuwa watu wawili, yeye na marehemu. "Mkono ulikwenda wenyewe, mwanangu," aliniambia. "Uliona kisu cha mwenzangu kiko mahala sipo."

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Hapo akakaa kimya kirefu, kisha akanirudisha nyuma mpaka 1974.

Mwaka huo mzee alikuwa kijana wa miaka 25. Yeye na marehemu walikuwa na meza mbili zilizogusana kwenye soko la samaki. Siku moja walinunua pamoja nguru mkubwa mnadani, wakagombana juu ya mgawanyo, maneno yakapanda, akamkata mwenzake mkono kuanzia kiwiko mpaka karibu na kifundo. Yeye, huyu mzee wetu. Kisu alikuwa nacho mkononi kwa kazi na hakukishusha alipoanza kukasirika; ndivyo alivyonieleza, na hakujitetea zaidi ya hapo.

Alasiri ile ile wazee wa soko walikaa. Uamuzi wao ulikuwa hivi: anyang'anywe kisu kwa siku arubaini. Katika siku hizo asisimame mezani kwake, asimame kwenye meza ya majeruhi, awe mchukuzi na muosha samaki wa mtu mwengine aliyewekwa kukata, na mapato ya siku yaende kwa mgonjwa. Aende nyumbani kwa mgonjwa kumtaka radhi mbele ya mashahidi. Akikataa, meza yake itapewa mtu mwengine, na hatapata meza nyengine pale. Polisi hawakuhusika. Alitimiza siku arubaini. Siku ya 41 marehemu alikuja sokoni na mkono umefungwa, akachukua kisu kilichokuwa kimewekwa kwa mzee wa soko, akampa mwenyewe. Wakawa marafiki mpaka mmoja alipokufa mwaka 2014.

Kwa hiyo tuna mikato miwili, miaka 47 kati yake, na nyumba mbili zile zile. Aliyekata mwanzo ndiye aliyekatwa mwisho, na kisu kilichomkata kilikuwa cha yule aliyekatwa mwanzo. Mzee aliyaunganisha haya kwa neno moja: deni. Nilimwambia siku ile, na naandika hapa, kwamba sikubali. Kijana hakujua lolote la 1974. Marehemu hakuwahi kulisimulia nyumbani. Alichukua kisu kilichokuwa karibu, kwa sababu yule wa pili, mkubwa kuliko yeye, alimwambia aje nacho. Deni la mzee lililipwa kwa siku arubaini za kuosha samaki wa watu, na mwenye kudai alishasamehe kwa mkono wake.

Hata hivyo mikato hiyo miwili inasaidia kuulinganisha mtaa wa zamani na wa leo, kuliko maneno ya barazani. Nikiwa mtoto, miaka ya sabini, visu vilikuwa kila mahala. Mgema alipita na kotama kiunoni. Mkwezi alikuwa na panga. Wakata samaki walirudi nyumbani jioni na visu vyao vimefungwa kwenye gunia. Siku ya harusi bwana harusi alitoka na jambia tumboni, na sisi watoto tukisukumana tulione vizuri. Hakuna aliyeogopa, kwa sababu kisu kilionekana na kazi yake ilionekana. Ukimkuta mgema bila ya kotama ndipo ungeuliza kuna nini. Kisu cha uchochoroni kinatoka kwenye mkono wa shati, na mwenye nacho hana kazi ambayo kisu hicho ni chake.

Lakini wanaosema zamani hakukuwa na kumwaga damu siwaungi mkono hata kidogo. Juni 1961, baada ya uchaguzi, watu 68 waliuawa katika visiwa hivi kwa siku chache, na silaha zilikuwa mapanga, visu na marungu. Mapinduzi ya Januari 1964 yanajulikana. Wazee wanaokaa barazani na kusifu amani ya zamani walikuwapo, wengine walizika. Na amani ya miaka iliyofuata ilikuwa na hofu ndani yake. Mwizi alimwogopa jirani, na jirani alimwogopa balozi wa nyumba kumi. Sitamani kuirudisha hofu hiyo ili nipite uchochoroni salama.

Wala si giza peke yake. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima ilikaa bila ya umeme, miezi mitatu, waya wa chini ya bahari umeharibika. Nilikuwa nikitoka kwa dada yangu saa nne za usiku na tochi ndogo, na njia nzima nikisalimiwa. Ndani kulikuwa na joto, watu wote wako barazani. Leo umeme upo, watu wako ndani na feni na televisheni, madirisha yana nondo, na nyumba mpya hazijengwi na baraza. Taa ile moja iliyokufa ilileta hatari kwa sababu hapakuwa na macho.

Na watu tumekuwa wengi. Sensa ya 1978 ilihesabu Wazanzibari wasiotimia laki tano. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773. Mji ulioongezeka kiasi hicho hauwezi kulindwa na kujuana. Ila katika kisa chetu walikuwa wanajuana! Mitaa miwili inapakana. Mzee alikwenda kwenye hitima ya babu yake kijana. Kwa hiyo kujuana nako hakukutosha, na hapa ndipo nilipokwama muda mrefu.

Kilichonikwamua ni zile meza. Uamuzi wa 1974 ulikuwa na nguvu kwa sababu aliyekosa alikuwa na meza. Alikuwa na mahala pa kunyimwa. Wazee walimwambia: fanya hivi au huna pahala pa kusimama kesho, na yeye alijua kusimama pale ndiko kula kwake, ndiko kuoa kwake, ndiyo heshima yake. Nilimuuliza yule kijana siku ya tatu ya kuonana naye: "Ungenyang'anywa nini ili usifanye tena?" Alifikiri kwa dhati. Hakupata kitu. Skuli aliacha kidato cha pili. Baba yake yuko Bara, mama ameolewa shamba, yeye analala ukumbini kwa bibi yake anayeuza vitumbua. Siku nyengine hubeba mizigo bandarini kama kuna mtu kamwita. Wazee wa mtaa wanaweza kumkalisha kikao, wakamkataza, wakamtoa, watamtoa wapi? Simu iliuzwa, sehemu yake ilikuwa elfu kumi na tano. Hakuwa mtumiaji wa unga wa kulevya, nalitaja hili kwa sababu ndilo la mwanzo watu kuniuliza. Alinunua viatu.

Nilimuuliza pia juu ya neno "babu". Mzee lilimuuma kuliko jeraha. Aliona anadhihakiwa, anaitwa kwa heshima huku ncha iko tumboni. Kijana alinishangaa. "Ningemwitaje? Ni babu." Naamini hakudhihaki. Bibi yake amemlea vizuri, na adabu ilikuwa bado iko mdomoni. Usiku ule mzima nililia kwa ajili ya neno hilo moja.

Sasa la umri. Wanawe wanasema baba yao alikuwa shujaa. Mimi, ambaye nakaribia sitini na nimeshaacha kupita uchochoro ule baada ya Isha, naona alikuwa na mkono wa miaka 25 ndani ya kiwiliwili cha miaka 72. Mkono ule ulikuwa unajua visu. Kwa miaka mingi ulikuwa ukigeuza ubapa, ukikwepa makali bila ya kufikiri. Lakini kushika kunapungua, wepesi unapungua, na mwenyewe ndiye wa mwisho kuambiwa. Wenzake walimwona akichelewa kushuka ngazi. Yeye bado alikuwa sokoni. Nimeanza kuwaambia wazee wa shehia yetu waziwazi: akitaka simu, mpe simu. Akitaka pesa za Pencheni Jamii, mpe. Pencheni ile, tangu ilipoanza 2016 kwa waliofika miaka 70, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi wakati wa kisa hiki. Haikufika gharama ya kitambaa cha kidonda na nauli ya hospitali wiki mbili. Wengine hunijibu kwa methali, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na wawili wameniambia wameanza kutembea na visu. Nawaomba waviache. Mzee wetu alikuwa mjuzi wa visu kuliko wote hao.

Nirudi kwenye shauri. Mzee alitaka sulhu, kama ile ya kwake. Sheha alijua haiwezekani: unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa zito katika Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018, haumalizwi barazani. Kijana alikuwa hajatimia miaka 18, kwa hiyo aliingia kwenye Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011. Kesi yake husikilizwa mahkama ya watoto, na afisa ustawi wa jamii huandika ripoti. Wana wa mzee walitaka kitu cha tatu, ambacho sitakiandika, na walikuwa wameshakusanya wenzao. Nilikaa nao usiku mzima wa tano wa Ramadhani, mama yao akisaidia.

Aliyeamua ni Bibi. Alikuja mbele ya mzee, mbele ya sheha na mimi, akasema maneno ambayo niliyaandika siku ile ile: "Mwaka ule mlikaa wanaume sokoni mkayamaliza. Nani aliniuliza? Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kitambaa usiku, mimi ndiye niliyemsikia analia ili nyinyi msimsikie. Mkapeana kisu, mkacheka. Leo nataka niulizwe. Nataka mtu aandike."

Mzee aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimeisifu sana sulhu ya 1974 moyoni mwangu kwa wiki nzima, na maneno yale yalinivunja. Kikao kile kizuri kilikuwa na mtu mlangoni asiyeingizwa.

Bibi alimpeleka mjukuu wake kituoni mwenyewe, na kisu. Kikapewa namba, kikawa kielelezo. Kijana akapata dhamana. Yule wa pili alikuwa ameshavuka Bara na hajaonekana tena.

Shauri lilipangwa mara nne. Ya kwanza mzee alikuwa hospitali. Ya pili aliumwa. Ya tatu alikuwa amekwenda Pemba kwa jamaa zake, na ya nne akawa hajarudi. Bila ya yeye hapakuwa na wa kusema nani alimkata. Mwanzoni mwa 2022 shauri likaondolewa. Alikwenda Pemba kwa makusudi. Aliniambia baadaye, hakuficha. Alisema hawezi kusimama mbele ya mahkama akamnyooshea kidole mjukuu wa mtu aliyempa kisu mkononi siku ya 41.

Naiheshimu hisia hiyo, na nasema alikosea. Alimsamehe kijana kwa niaba ya watu ambao hawakumtuma. Kwa mara ya pili mambo ya nyumba ile yalimalizwa bila ya Bibi, safari hii na mtu mmoja tu. Na kijana alipoteza ripoti ya ustawi iliyokuwa imeanza kumtafutia nafasi ya kujifunza ufundi. Shauri lilipoondoka na faili likaondoka. Ingekuwa meza, ndogo, ya kwanza maishani mwake.

Na mimi nilikosea. Nilimwambia Bibi sheria itamsikiliza. Sikumwambia kwamba sheria ingemsikiliza mzee kwanza, na asipokuja, hakuna zamu ya Bibi. Nilijua. Nilidhani atakuja.

Kijana alipelekwa kwa mjomba wake Pemba, anavua, na msimu wa karafuu anachuma. Bibi na mzee hawazungumzi. Wakikutana njiani mzee humsalimia kwanza, naye hujibu kwa kichwa.

Kisu bado kiko kituoni. Kielelezo cha shauri lililoondolewa hurudishwa kwa mwenyewe kwa amri, na inatakiwa barua. Bibi ameniomba niiandike: ni cha mumewe, na hana kisu chengine kinachokata nguru bila ya kumchana. Mzee naye amekuja kwangu, mkono wa kushoto ameuweka mapajani kama kitu alichobebeshwa, kuniomba nisiiandike. Anataka kiyeyushwe. Barua ya Bibi imekaa mezani kwangu, nimeishaandika tarehe na anwani.